Faili la baba mdogo nimelisukuma chini kabisa ya trei

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 23. Nasoma shahada ya ustawi wa jamii, nimemaliza mwaka wa pili na sasa niko fildi, mafunzo ya vitendo kazini. Nakuandikia usiku, nimelala sebuleni na simu nimeipunguza mwanga, kwa sababu nyumba ninayolala ndiyo yenye hilo jambo lenyewe.

Baba yangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Mdogo wake ndiye aliyesimama msibani akasema mbele ya wazee kwamba mtoto huyu hataacha shule. Neno lile hajalirudisha mpaka leo. Alinisomesha hadi kidato cha sita. Nilipokosa mkopo wa Bodi ya Mikopo (cheti cha kifo cha baba tulikuwa hatujakihakiki RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, dirisha la maombi likafungwa) aliuza ng'ombe wawili nikaenda Dar. Ada yake hufika kabla sijamkumbusha. Mama yuko kijijini, na kila nikimpigia simu lazima amalizie, "Muombee baba yako mdogo."

Nafasi ya fildi tuliambiwa tutafute wenyewe. Unajua ilivyo, kila mtu anakimbilia kwao ili asilipe chumba. Nikaomba ofisi ya ustawi ya halmashauri yetu, Tanga, nikafikia kwa baba mdogo. Mama mdogo kanipokea kama mwanawe wa kumzaa. Kila asubuhi ananifungia maandazi manne kwenye kikontena. Anajua kabisa mimi nala mawili. "Mengine mpe mwenzio," anasema.

Nilipangiwa meza ya mbele. Anayeingia namkaribisha, namjazia fomu, namfungulia faili, naliweka kwenye trei ya afisa. Wengi ni kina mama wa mambo ya matunzo. Wiki ya tatu, Jumanne, aliingia dada mmoja wa rika langu au kanizidi kidogo, ana mtoto wa kiume wa miaka minne. Kwenye mfuko wa nailoni alikuwa na kadi ya kliniki na daftari dogo la mistari alimoandika kila alichomnunulia mtoto tangu mwaka jana: unga, ndala, dawa ya minyoo, hata sabuni. Nikamuuliza jina la mlalamikiwa. Akataja majina matatu. Nikaandika la kwanza, nikaandika la pili, kalamu ikasimama. La tatu ni langu.

Nikauliza, "Anaishi wapi?" kana kwamba sijui. Akanielekeza mpaka kwenye mwembe ulio mbele ya nyumba yetu. Muda wote huo mtoto amekaa sakafuni anachezea kamba ya kiatu changu. Shangazi, yule mtoto akifikiri jambo anakunja mdomo upande mmoja. Baba yangu alikuwa hivyo. Baba mdogo yuko hivyo.

Niliandika yote. Alipoinuka akatazama kitambulisho changu cha chuo kilichoning'inia shingoni, akanitazama mimi, akasema, "Ahsante, dada," akaondoka.

Afisa wetu yuko Dodoma kwenye mafunzo. Siku ile alikuwa amebakiza siku kumi kurudi. Kaimu yupo ila ana ofisi mbili, anapita tu. Lile faili nililiweka kwenye trei, ila chini kabisa, chini ya barua za wazee wanaoomba msamaha wa matibabu. Alhamisi yule dada akarudi kuulizia. Nikamwambia afisa hayupo, aje akirudi. Si uongo, lakini niliona kama nimemdanganya.

Juzi tuko mezani baba mdogo akaniuliza, "Vipi huko ustawi, mnawabana sana wanaume?" Akacheka. Mama mdogo naye akacheka. Wali ulinikwama nikaenda kunywa maji.

Mama nilimpigia nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, nikajifanya ni mambo ya rafiki yangu. Akanijibu, "Aliyekuvisha humvui nguo sokoni." Sijui kama alielewa.

Mwaka wa tatu bado uko mbele. Nikisema, nitakuwa nimemchoma mtu kwa kisu alichoninunulia mwenyewe. Nikinyamaza, somo la maadili ya kazi nitaliingiaje darasani? Nimeanza kufikiria kuhamia rasilimali watu. Pengine mimi si mtu wa kazi hii. Nifanyeje?

Binti wa fildi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na nilichoifanya barua yako kabla ya kuichapa. Uliniandikia jina la yule dada, jina la mtoto, na kitongoji wanakoishi. Nimevifuta. Na vitu vingine viwili vitatu nimevigeuza ili jirani akisoma asinyooshe kidole. Sikulaumu, mtu asiyelala huandika yote yaliyomo kifuani. Ila jitazame hapo kidogo: siri ya baba mdogo uliikumbatia kwa mikono miwili hata mama yako hukumwambia, na siri ya yule dada ikakutoka kwa mtu usiyemfahamu. Nitarudi hapo.

Nikikusikiliza vizuri, unaniambia hivi. Kuna mtu aliyekuwa baba kwako tangu baba yako alipoondoka. Kuna mtoto ambaye huenda mtu huyohuyo hajawa baba kwake. Na katikati ya hao wawili kuna trei, na wewe ndiye uliyeshika kalamu. Umefunga mizigo mingi kwenye kanga moja: faili, ada, maandazi ya mama mdogo, mwaka wa tatu, na swali la kama unaifaa kazi hii. Ukiinua kwa mpigo lazima kiuno kiume. Hebu tufungue kanga.

Faili kwanza, maana ndilo lenye tarehe. Unaandika "nikisema", "nikinyamaza", kana kwamba lalamiko limo mdomoni mwako. Mlalamikaji alishakuja kwa miguu yake, na daftari lake mkononi, akasema. Wewe uliandika. Hata ukihama mkoa kesho, yule dada bado ana daftari.

Halafu fikiria ni kitu gani hasa kinamngoja baba mdogo ofisini kwenu. Wewe umekaa pale wiki tatu, mimi nilikaa miaka mingi kabla ya kustaafu. Anaandikiwa wito. Anakuja, wanakaa yeye na mama wa mtoto mbele ya afisa, kila mmoja anasikilizwa. Wakielewana, kiasi kinaandikwa, wanasaini, wanakwenda nyumbani. Akisema mtoto si wake, afisa anaweza kuombea kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wakishindwana kabisa, ndipo jambo linakwenda mahakamani chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na huko nako hawakurupuki: hutazamwa kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine anaowahudumia, na gharama za maisha mahali mtoto alipo. (Wenzangu wa zamani watakumbuka sheria iliyokuwapo kabla ya hiyo, iliyoweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa nje ya ndoa. Shilingi mia! Tulikuwa tunaona aibu kuisoma kwa sauti.)

Ninachotaka ukione ni kwamba meza yenu ndiyo mahali ambapo jambo hili ni dogo kuliko litakavyokuwa popote pengine. Mwanamke aliyeambiwa "njoo wiki ijayo" mara mbili tatu huwa hakati tamaa tu akalala. Wengine huenda moja kwa moja mahakamani. Wengine huenda kusimama chini ya mwembe saa ya chakula cha jioni, na mtoto. Unaweza kuwa unadhani kwa kulisukuma lile faili chini unamkinga baba mdogo. Sina hakika kama unamkinga.

Na wala hatujui kama ana kosa. Mdomo wa kukunja si kipimo cha vinasaba, ingawa nami nikiusoma nilishtuka. Huenda mtoto ni wake na amemtupa. Huenda ni wake na hutuma hela kwa njia ambayo yule dada haioni inatosha. Huenda si wake. Mtu anaweza kuuza ng'ombe wawili kwa ajili ya mtoto wa marehemu kaka yake, mbele ya wazee, na bado akamkimbia mtoto ambaye hakuna mzee aliyemwona akizaliwa. Niliwaona wa namna hiyo wengi, na sikumwona hata mmoja aliyekuwa mnafiki mtupu. Wema aliokutendea ni wa kweli. Lile daftari nalo, kama liko kama ulivyosema, ni la kweli. Hakuna anayekutaka utoe kimoja kwenye kingine ubaki na jibu.

Kuna kitu kidogo umekiandika ukakipita mbio. Yule dada alitazama kitambulisho chako, kisha akakutazama wewe. Kilikuwa na majina yako matatu? Unadhani hakusoma? Mimi nilivyousoma mstari ule niliweka simu chini. Kama alisoma, basi Alhamisi aliporudi alijua anazungumza na nani. Na hakupiga kelele. Huenda anangoja kuona utafanya nini. Huenda hajui kitu, alitazama picha tu. Lakini mpango wowote utakaoupanga kwa kuamini kwamba hakuna anayejua, uupange ukijua huenda si kweli.

Sasa njia. Ya kwanza kukujia, nadhani, ni kumnong'oneza baba mdogo: "Baba, kuna mtu alikuja." Naelewa inavyovuta, hata mimi moyo ungeniambia hivyo. Angeweza kwenda kumaliza mwenyewe kimyakimya, na ikawa heri. Angeweza pia kwenda kumkaripia yule dada, au kumlipa elfu ishirini aondoe faili, au kukuambia, "Basi lichane." Je, hapo ungefanyaje, kwenye nyumba yake, umekalia godoro lake? Na siku yule dada akijua habari zilitokea meza ya mbele, hatakwenda tena ofisi hiyo, wala jirani yake hatakwenda.

Njia nyingine ni kulirudisha faili mahali pake kwenye trei, juu, bila kusema neno, afisa akirudi alikute. Ni njia ya kimya na ina staha yake. Ila wito utaandikwa, na huenda ukaambiwa wewe uuandike. Utapelekwa nyumbani kwenu. Baba mdogo atasoma muhuri wa ofisi, atakutazama mezani. Na afisa naye, siku akiona jina lako na la mlalamikiwa yanaishia pamoja, atakuuliza ulikuwa wapi. Maswali mawili, kutoka pande mbili, wiki moja.

Ya tatu ni kusema kitu kidogo kuliko unavyoogopa. Nikusimulie. Mwaka wangu wa nne kazini, wilaya ndogo, nilifungua faili nikakuta mlalamikiwa ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Nililala nalo begani siku mbili. Siku ya tatu niliingia kwa mkubwa wangu, nikasema, "Mzee, huyu ni ndugu yangu wa karibu. Naomba nisiliguse." Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali nusu saa. Akasema, "Weka hapo," akaendelea kunywa chai. Sikumshtaki shemeji wala sikumtetea. Nilitoka tu katikati. Dada yangu alininunia miezi saba, hilo sitakuficha, alipojua kwamba nilikuwa najua. Lakini aliponisamehe, alisamehe kitu kimoja. Ningelificha lile faili, angekuwa na viwili.

Kwako wewe sentensi hiyo unaweza kumwambia kaimu, au kumngoja afisa, au kumpigia mwalimu wako wa chuo atakayekuja kukukagua. Kila mmoja ana yake. Kaimu anapita tu, na mji mdogo una vijiwe vya chai vyenye masikio. Mfahamu kwanza ni mtu wa namna gani. Afisa ndiye mwenye faili, ila siku zinakwenda na mtoto anakula kila siku, si siku afisa akirudi. Mwalimu wako yuko mbali, na kwa hili umbali ni faida; anaweza pia kusema uhamishwe ofisi, ukapoteza wiki ulizokwisha kufanya. Na kumbuka, hata kwake, jina la yule dada halihitajiki ili akuelewe.

Kuhusu pa kulala. Je, hakuna ndugu mwingine, rafiki wa shule, dada wa kanisani au msikitini, wa kukuhifadhi kwa wiki zilizobaki? Sisemi uhame. Nauliza kwa sababu kuchapa wito mchana na kula wali wa anayeitwa usiku ni mzigo ambao hata sisi wazee wa kazi tungeukimbia. Ila ukihama ghafla nako utaulizwa, na mama mdogo ataona amekukosea nini. Huyo mama mdogo ndiye ninayemfikiria zaidi kuliko wote. Unaandika kana kwamba hajui kitu. Alicheka mezani, kweli. Wanawake wa nyumba hucheka vicheko vingi.

Ada. Unaamini ukijulikana, ada imekufa. Inawezekana; nimewahi kuona watu wakikata ada kwa makosa madogo kuliko hili, na sitakuahidi kisicho mkononi mwangu. Lakini mtu uliyenieleza alisema neno msibani na hakulirudisha. Wewe ndiye unayemjua. Je, hofu hii inatoka kwake, kwa kitu alichowahi kufanya au kusema, au inatoka kwako? Vyovyote iwavyo, maisha yako ya chuo yasining'inie kwenye kamba moja. Cheti cha kifo cha baba yako kihakikini RITA sasa hivi, bila kungoja haya yaishe. Dirisha la Bodi hufunguliwa kila mwaka, wanaoendelea na masomo nao huomba, na yatima huangaliwa. Huenda usipate. Lakini utaamua mambo ya trei ukiwa na miguu miwili.

Mama yako alisema aliyekuvisha humvui nguo sokoni. Kauli nzuri, na inawezekana alielewa zaidi ya ulivyodhani. Ungeweza kumuuliza tena siku moja, bila kuzunguka. Muulize hivi: na yule mtoto aliyekaa sakafuni, yeye nani amvishe? Si kwa kumshinda hoja. Muulize kama mtu aliyewahi kubaki na mtoto peke yake, maana yeye anajua kitu kuhusu daftari la namna ile ambacho mimi na wewe hatukijui.

Na rasilimali watu. Soma kama unaipenda, ni kazi ya heshima na wenye kuiweza ni wachache. Ila ukihamia huko kwa kukimbia faili, nakuonya kwamba huko nako kuna mafaili, na mji ni uleule, siku moja utakuta jina la binamu yako kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Unasema pengine wewe si mtu wa kazi hii. Mimi nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipoonyesha hivyo. Kulisukuma faili chini ya barua za wazee ulikosea, na unajua. Lakini kalamu ilisimama kwenye jina la tatu, na hakuna aliyekuwa anakutazama. Ungeweza kukosea herufi moja tu ya jina, wito usingemfikia mtu. Uliandika yote, mpaka mwembe. Wanafunzi niliowahi kuwasimamia fildi walikuwa hodari wa kunitajia kanuni za maadili kwa namba. Wachache walipata kuzikuta zimekaa sakafuni zinachezea kamba ya kiatu.

Maandazi yale mawili ya ziada, endelea kumpa mwenzio. Na kesho ukifika ofisini mapema, kabla watu hawajaanza kuingia, walau zile barua za wazee ziondoe juu ya faili. Nazo zina wenyewe wanaongoja.

Ukipata nafasi niandikie ilivyokwenda. Jina la yule dada usiniandikie.

Shangazi yako